Siku Mwalimu Shem Alipowanyima Watu Salamu

Mume wangu hufundisha sosholojia, na kwa sababu hiyo sijawahi kushinda ugomvi nyumbani kwangu. Yeye naye hajawahi kushinda. Ukimwambia jirani fulani ana kiburi, atakuambia kiburi hicho kina kazi yake mtaani. Ukimkubalia, atauliza ni nani anayefaidika jirani huyo akiitwa mwenye kiburi. Na ukishachoka unataka kulala, atakuomba umweleze alikusalimia vipi hasa, alikutazama machoni au alitazama viatu vyako. Nimeishi na mtu huyu tangu kiuno changu kikiwa chembamba, na bado nampenda, ila ziko siku nimetamani ningeolewa na fundi bomba.

Jina lake ni Shem. Hapa Mountain View tunakoishi kila mtu humwita Mwalimu, hata watoto ambao hawajui anafundisha nini. Mimi ni Everlyn, Mama Lornah, na kazi yangu ni ushonaji. Nina duka dogo Hurlingham, nyuma ya majengo yanayotazama barabara ya Argwings Kodhek. Jioni nikifunga, hushuka mjini nimpitie chuoni ili turudi nyumbani pamoja. Chuo chenyewe ni ghorofa ya nne ya jengo moja karibu na Moi Avenue, juu ya duka la viatu, na wanafunzi ni watu wazima wanaotoka kazini: makarani, wauguzi, walinzi, wenye maduka. Mimi huketi kiti cha nyuma kabisa nikishona vifungo. Mpaka sasa nimelisikia somo la utangulizi mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo kile, na hakuna aliyewahi kunipa mtihani.

Somo hulianza vile vile kila muhula. Huingia, hufuta ubao ambao tayari ni safi, kisha huwauliza, "Mbona nyote mmekaa mkinitazama mimi? Nani amewaamuru?" Watu hucheka, halafu hutazamana, kwa maana kweli hakuna aliyewaamuru. Basi hiyo ndiyo jamii, huwaambia: yale tunayoyafanya pamoja kila siku mpaka tunayaona ni ya kawaida. Na sosholojia ni kuyahoji mambo hayo ya kawaida. Hapo hunitafuta kwa macho kule nyuma, ahakikishe nimesikia.

Mwaka wa 2005 mfano wake ulikuwa lango letu. Nyuma ya mtaa wetu, upande wa Kangemi, ukuta una lango dogo la chuma ambalo watu hupitia kwa miguu. Asubuhi huingia akina mama wanaofua nguo, mafundi, vibarua wa bustani. Jioni hutoka. Mwezi wa Julai wezi nao walilipitia. Waliingia nyumbani kwangu mchana nikiwa dukani, wakabeba cherehani yangu ya pili pamoja na sare za kwaya nilizokuwa nimemaliza kuzipiga pasi. Nyumba nyingine mbili ziliguswa wiki hiyo hiyo. Ephantus, mwenyekiti wa chama cha wakazi, mzee mstaafu anayevaa tai hata akienda kununua maziwa, akasema sasa imetosha, lango lizibwe kwa mawe. Akaitisha mkutano wa wakazi Jumapili ya kwanza ya Novemba, tupige kura. Mimi nilimwambia mbele ya watu kwamba ningembebea mawe hayo mwenyewe.

Aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko wote ni Milcah. Milcah aliuza mboga hapo hapo langoni, upande wa ndani, juu ya magunia mawili aliyoyatandika vizuri: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, na mrenda kwa sisi watu wa magharibi. Ni mjane. Wateja wake walikuwa sisi wa Mountain View na wale wapitao kwenda Kangemi, na lango likizibwa angepoteza wote kwa pigo moja. Wengi walimwita mama wa sukuma. Mume wangu ndiye aliyemwita kwa jina.

Na salamu za hao wawili zilikuwa kazi. Wote wametoka kwetu magharibi, na kwetu salamu huwezi kuitupa ukipita. Mwalimu husimama, huweka mkoba chini, humpa Milcah mkono na kumshika wakati wote wanapoongea. Huuliza mama yake kule Lugari ameamkaje, na mguu wake, na mvua, na ng'ombe kama ameshazaa. Milcah naye humuuliza kuhusu wanafunzi, kuhusu Lornah wetu aliyeolewa Eldoret, kuhusu kifua changu. Gari zinaweza kupita barabarani zikiwa tupu na bado hajamuachilia. Nimewahi kumwambia, "Baba Lornah, mtu mwingine angedhani unamposa." Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo darasani akawa anawafundisha mitazamo mitatu kwa lango letu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mtazamo wa uamilifu, unaoiona jamii kama kitu kizima chenye viungo, kila kiungo na kazi yake. Lango linawapitisha watu wa kazi, kazi inatunza nyumba, nyumba zinalisha watu wa Kangemi. Ukigusa kimoja, kingine kinayumba. Nilielewa upesi, kwa maana hata cherehani iko hivyo. Wiki ya pili ilikuwa ya mtazamo wa mgogoro. Hapo akawauliza lango linamlinda nani na linamfungia nani nje, na kwa nini wanaopiga kura wote wako upande mmoja wa ukuta. Nilijichoma sindano. Wiki ya tatu ilikuwa ya mtazamo wa maingiliano, ambao ndio anaoupenda ingawa hawezi kukiri. Huo hauangalii mtaa mzima. Unainama chini, unawatazama watu wawili wakikutana, unauliza kila mmoja ametoa ishara gani na mwenzake ameisoma vipi. Jamii, akasema, hutengenezwa hapo, kila asubuhi, upya.

Alikuwepo msichana mmoja makini sana, Vaishali, ambaye familia yao ina duka la vitambaa Biashara Street na mimi mwenyewe hununua bitana kwao. Akanyosha mkono.

"Sir, na wewe? Wewe unataka geti ifungwe ama iachwe?"

"Kazi yangu ni kuwaonyesha namna za kutazama," Mwalimu akajibu.

"Lakini wewe ndio unaishi huko."

Darasa likacheka, naye akafuta ubao. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa ikiulizana wewe ni chungwa au ni ndizi, alama za La na Ndiyo katika kura ya katiba iliyokuwa mlangoni, na mume wangu ndiye mtu mzima pekee niliyemjua ambaye, akiulizwa, alijibu kwamba yote mawili ni matunda. Hata mimi hakuniambia.

Kabla darasa halijatoka akawapa zoezi. Jumanne ijayo, kutwa nzima, wasimsalimie mtu yeyote, na wakisalimiwa wasijibu. Waone watu watafanya nini. Jioni wamrudie kila mmoja waliyemnyima salamu, wamweleze lilikuwa zoezi, ndipo waje darasani kusimulia. Na kwa kuwa yeye huamini mwalimu asiwape wanafunzi dawa ambayo hajaionja, akaamua naye afanye.

Mimi hakuniambia, ati asiharibu matokeo. Jumanne nilipoamka nikasema, "Umeamkaje?" Kimya. Nikasema tena. Akavaa soksi. Nikamwekea chai bila sukari, akainywa yote, akabeba mkoba akaenda zake. Niliwaza mengi asubuhi ile na mengine siwezi kuyaandika.

Mchana kabla sijaondoka kwenda dukani, akaja mlangoni Oduor, askari anayezunguka mtaani kwetu, kofia mkononi.

"Mama Lornah, pole sana. Ni nani amewaacha?"

"Nani ametuacha vipi?"

"Milcah amenituma. Anasema Mwalimu amempita hivi, akamsalimia mara tatu, hajajibu. Tukasema lazima kuna msiba."

Kwetu hivyo ndivyo ingesomwa. Mtu wa salamu ndefu akikupita kimya, ama amefiwa na ulimi umemfia, ama amekuweka miongoni mwa adui zake. Hakuna ya tatu. Na mimi, kwa hasira zangu za chai, sikufikiria lolote.

"Hakuna msiba hapa," nikamwambia. "Yuko mzima."

"Haya," Oduor akasema polepole, akavaa kofia. "Basi ni mambo ya geti."

Akaondoka. Nami nikaenda dukani kwangu.

Jioni ile sikumpitia chuoni, nilikuwa nimenuna. Akarudi peke yake uso umechangamka, akanisalimia kwa sauti ya mtu aliyekuwa amefungwa mdomo kwa kamba, akanieleza zoezi lote huku tukila. Mwanafunzi mmoja bosi wake alimpa ruhusa ya kwenda hospitali. Mama yake Vaishali alilia. "Unaona, Mama Lornah? Hakuna hata mmoja aliyeweza kuvumilia. Salamu ndiyo nguzo yenyewe."

"Na Milcah ulimweleza?"

Akaacha kutafuna. Alikuwa amerudi nyumbani alasiri, akatoka tena amechelewa, akakimbilia gari upande wa Waiyaki Way, akaenda moja kwa moja darasani kuwasikiliza wanafunzi wakisimulia jinsi walivyowarudia watu wao. Nikamweleza alichosema Oduor. Hakumaliza chakula.

Kesho yake alitoka mapema amwombe Milcah radhi. Magunia hayakuwepo. Palikuwa na majani machache ya kitunguu na alama ya pale alipozoea kuketi. Oduor akamwambia Milcah amehamisha vitu vyake jana jioni. Alisema kama hata Mwalimu amegeuka, hana haja ya kungoja Jumapili aje afukuzwe hadharani.

Alhamisi tukaenda Kangemi kumtafuta. Mimi niliandamana naye kwa sababu akiachwa na huzuni yake hupotea njia. Tulimkuta nyuma ya soko, amebanwa kati ya wauza mboga wengine ambao walifika hapo kabla yake na hawakumtaka. Nyanya zake zilikuwa zimepangwa kwa mafungu madogo, na zilikuwa nyingi bado ingawa jua lilikuwa linateremka. Mwalimu akaweka mkoba chini, akatoa mkono. Milcah akaupokea, kwa kuwa ana adabu, akauachilia mara moja.

"Milcah, lile lilikuwa zoezi la darasa. Nilitakiwa nikueleze jioni, nikasahau. Nimekukosea."

"Zoezi la nini?"

Akamweleza. Alieleza vizuri, bila maneno makubwa, na Milcah alimsikiliza mpaka mwisho huku akizipangusa nyanya.

"Mwalimu, mimi sina darasa," akasema. "Mimi niko na geti. Wiki ya kupiga kura unanipita kama ukuta, nifikirie nini? Si ungechagua wiki ingine."

"Ningechagua wiki nyingine."

"Sawa. Nimekusamehe, hiyo imeisha." Kisha akanyanyua macho. "Lakini niambie kitu moja. Jumapili uko upande gani?"

Mume wangu akafungua kinywa. Nilimjua, nikajua kinachokuja: kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine. Nadhani na yeye alijisikia akianza, kwa maana alifunga kinywa tena. Milcah akaiweka chini nyanya aliyokuwa akiipangusa. Akageukia mteja aliyekuwa akiuliza bei ya dania.

"Nikirudi huko halafu mfunge, hata hapa nitapoteza," akasema bila kututazama. "Mnisamehe. Nitangoja nisikie."

Tukarudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira naye kwa kushindwa kumjibu mwanamke yule, na nilikuwa na hasira na mimi pia, kwa maana jibu langu mimi nililijua na sikuthubutu kulisema pale mbele ya nyanya zile. Nilitaka lango lizibwe. Tangu Julai nilikuwa nikifika nyumbani nasimama mlangoni kwanza, nasikiliza kama kuna mtu ndani. Mtu ambaye hajaibiwa hawezi kujua jambo hilo linavyokula moyo.

Jumapili baada ya kanisa tukakusanyika uwanjani kwa Ephantus, viti vya kuazima vimepangwa kivulini, wanaume wamelegeza tai isipokuwa mwenye nyumba. Alianza kwa kukataza mtu yeyote kutaja chungwa au ndizi. Akaeleza kanuni: kila nyumba mkono mmoja, na wasio wakazi hawapigi kura. Watu wakasema yao. Mmoja akataka waya wa umeme juu ya ukuta. Mwingine akauliza nani atamfulia kama mama Fulani hawezi kupita. Mzee mmoja akasinzia. Niliona wengi wakigeuka geuka kumtafuta mume wangu, kwa kuwa hapa mtaani ndivyo ilivyo, jambo likiwa zito watu hungoja Mwalimu aseme ili wakienda nyumbani waseme na wao walikuwa wakifikiria hivyo hivyo.

Ephantus akampa nafasi. Shem akasimama, akavuta shati lake, na nikasikia jirani nyuma yangu akishusha pumzi na kuegemea kiti, tayari kwa hotuba.

"Mimi nataka lango libaki wazi," akasema. Akaketi.

Watu wakatazamana. Hata yule mzee aliamka.

"Na sababu, Mwalimu?" Ephantus akauliza.

Akasimama tena. Alishika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili, nikashangaa, maana yeye huongea mbele ya watu kila siku ya Mungu.

"Sababu ninazo za kila upande, na nyinyi mnazijua. Wezi walipita pale, ni kweli. Milcah anakula kwa pale, ni kweli. Kwa kawaida ningewapa zote mchague. Leo nawaambia ninachotaka. Oduor awe pale mchana, jioni lifungwe kwa kufuli, lakini lisizibwe. Nataka asubuhi nikitoka nimkute mtu yule." Akanitafuta kwa macho. "Lakini nyumba yetu ina mkono mmoja, na aliyeibiwa ni Mama Lornah. Mkono ni wake. Akiunyosha kwa upande ule mwingine, mimi sitalalamika."

Kila mtu akanigeukia. Nilimkasirikia pale pale, niseme ukweli, kuniachia mzigo ule mbele ya mtaa mzima, nikiwa nimevaa gauni langu la kanisa linalobana. Nilimtazama ili nimwonyeshe hasira hizo. Alikuwa ameketi amekunja mikono mapajani, shingo imeinama, sikio moja limenielekea, na uso wake ulikuwa wazi kabisa. Sijawahi kuuona uso ule ukitaka kitu. Nilidhani nauona kila siku.

Ephantus akaanza na wanaotaka lango lizibwe. Mikono ikapanda, mingi. Wangu ulikaa mapajani. Akauliza wanaotaka libaki. Nikaunyosha, juu, mpaka kwapa la gauni likafumuka nikasikia uzi ukikatika. Nyuma yangu nikasikia viti vikilia, watu wakijigeuza kunyosha yao. Ephantus akahesabu, akahesabu tena kwa kuwa hakuridhika, kisha akatangaza lango litabaki, kwa sharti la kufuli na askari, na akasema iandikwe kwamba yeye hakubaliani.

Shem hakungoja soda. Alitoka pale kwa hatua ndefu, akapita lango lenyewe, akateremka Kangemi kumwambia Milcah. Mimi nikarudi nyumbani nikavua lile gauni.

Alirejea jua likishuka, ameshika fungu la mrenda ambalo alikuwa amekatazwa kulilipia. Aliliweka mezani, akanisalimia, akavuta kiti akaketi mbele yangu.

"Mama Lornah, nieleze. Ulibadilisha mawazo ulipozisikia sababu?"

Mwalimu ni mwalimu tu. Hata siku hiyo alitaka kujua ni mtazamo upi ulionishika.

"Sababu ulitoa?" nikamwuliza. "Mimi bado naogopa wezi. Kesho nikifika nitasimama mlangoni nisikilize, kama kawaida."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa nimeanza kuchambua ule mrenda, nikauacha.

"Shem, tangu unioe nakuuliza unataka nini. Nimekuuliza kuhusu chakula, kuhusu shule ya mtoto, kuhusu kuhama, kuhusu mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza umenijibu. Ulitaka nifanyeje, nikunyime?"